Kasilah, mtafuta mawe ya hekalu la Wonopucang

Saa moja asubuhi, Kasilah yuko ndani ya banda la kuku la watu. Amelala kifudifudi, kichwa na mabega gizani, mabuti yake ya mpira yametokeza nje, na anasugua jiwe la pembeni kwa brashi ya kufulia. Kuku wanalalamika. Mwenye banda, Bi Parinem, amesimama nyuma yake na bakuli la pumba.

"Yu Silah, ukitoka humo na yai nitakuitia mwizi."

"Yai lipi, shoga? Kuku wako wamestaafu hawa. Jiwe lina joto kuliko wao."

"Yu" ni dada mkubwa, na Wonopucang nzima, hata wazee waliomzidi umri, humwita hivyo. Anarudi nyuma kinyumenyume, manyoya yamemnata kwenye ushungi, uso umejaa vumbi.

"Lina ulimi," anasema.

Kaka yake, Sarjiyo, aliyekuwa ameegemea pikipiki na mtaimbo begani, anautua mtaimbo chini. Mwaka jana majira kama haya, ndugu hawa wawili walikuwa hawasemezani.

Ulimi anaousema Kasilah ni kipande kilichochongwa kitokeze ubavuni mwa jiwe, kiingie kwenye tundu la jiwe la jirani. Waliojenga hekalu la Wonopucang hawakutumia chokaa wala udongo. Walichonga kila jiwe likashikana na mwenzake kama vidole vya mikono miwili, wakapanda juu tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo jiwe la mtoni halina ulimi. Lenye ulimi limetoka hekaluni, hata kama leo linashikilia banda la kuku.

"Nitakuletea matofali ya saruji," Sarjiyo anamwambia Bi Parinem. "Mapya. Kuku wako watadhani wamehamia mjini."

"Na watataga?"

"Hilo muulize jogoo."

Kasilah, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, ni kibarua wa idara ya mambo ya kale. Kwenye karatasi za kazi ameandikwa mchimbaji. Ukweli ni kwamba siku hizi hachimbi sana. Kazi yake ni kuzunguka vijiji vilivyo chini ya mlima wa volkano wa Merapi akiangalia misingi ya nyumba, kingo za visima, mabirika ya ng'ombe na mawe ya makaburi, na kuomba.

"Kuomba ndiko kazi," anasema. "Jiwe kuliona ni rahisi, linakaa pale pale. Mwenye jiwe ndiye hakai."

Alikuwa msichana wa shule ya msingi siku jirani yao alipochimba udongo wa matofali na jembe likagota. Walidhani ni mwamba. Walipofukua wakakuta pembe ya ukuta, na kila walivyoendelea kuchimba ukuta nao ukaendelea. Mlima ulikuwa umelifunika hekalu lote kwa majivu na mchanga zamani sana, mpaka watu wakasahau, wakalima mpunga juu yake.

Leo mahali hapo ni shimo kubwa la mraba. Ukisimama barabarani unaona kofia za wafanyakazi tu. Ukishuka ngazi unakutana kwanza na ukuta wa kuzunguka, kisha hekalu kuu linalotazama magharibi, na mbele yake mahekalu madogo matatu yaliyopangwa mstari, yanalitazama lile kubwa kama watoto mbele ya mzazi. Kwenye kuta za hekalu kuu mna vishubaka vya sanamu za Kihindu: mungu mke Durga kaskazini na mikono yake minane, Agastya mwenye ndevu kusini, na Ganesha mwenye kichwa cha tembo nyuma, upande wa mashariki. Familia za Kihindu kutoka mabondeni huja mwezi mpevu na maua na ubani. Wanakaa chini ya kivuli cha turubai, wanaomba, wanamwachia Kasilah ndizi.

Yeye ni Mwislamu, kama karibu kila mtu kijijini. Anasema swali la kwa nini anahangaikia nyumba ya dini nyingine amelisikia hadi limechakaa.

"Baba alikuwa anasema waliokaa hapa kabla yetu ni babu zetu vilevile. Nyumba ya babu yako huibomoi kwa sababu wewe unaswali kwingine."

Lakini ni huyo huyo baba, na nyumba hiyo hiyo ya babu, iliyowagombanisha watoto wake.

Shamba la mpunga la familia lilikuwa juu ya mahekalu madogo. Uchimbaji ulipofika mpakani, baba yao alikubali kubadilishana na serikali, akapewa shamba jingine juu kwenye mwinuko. Ardhi ya kule ni kavu. Mpunga hauoti, ni mihogo tu na karanga. Sarjiyo, mtoto wa kwanza, ndiye aliyekuwa arithi lile la chini. Alikuwa kijana, amechumbia, ameshapanga hata pa kujenga banda la ng'ombe. Siku tingatinga lilipoingia shambani aliapa mbele ya baba yake kwamba mguu wake hautakanyaga ngazi za shimo lile.

Miaka ikapita, baba akafariki. Kasilah alifiwa na mumewe akiwa na mabinti wawili wa kulisha, akaomba kazi ya kubeba mchanga pale pale shimoni.

"Nilikwenda kumwambia kaka kabla hajasikia kwa watu," anakumbuka. "Alikuwa anaosha ng'ombe. Hakugeuka. Akasema, 'Shamba letu limekufa, na wewe umekwenda kuwa kibarua wa kaburi lake.' Basi. Ng'ombe yule aling'aa siku ile, maana alioshwa mpaka jua likazama."

Tangu hapo walikuwa wakionana siku ya Idi. Kasilah angepiga magoti mbele ya kaka yake kuomba msamaha wa mwaka, kama desturi, naye angemgusa kichwa, na wifi yake Tumini, mke wa kaka, angeleta chai. Kisha kila mmoja angekwenda zake mpaka Idi nyingine.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka jana, msimamizi wa ukarabati, Mhandisi Prabawa, aliwakusanya wafanyakazi chini ya turubai. Hekalu kuu lilikuwa limefika usawa wa mlango, likakwama. Linta ya mlango, jiwe refu la kulala juu ya miimo miwili, haikuwepo. Walikuwa wamelipekua shimo lote. Bila linta, ukuta hauwezi kupita juu ya mlango, na bila ukuta hakuna paa. Kuchonga linta mpya hakuruhusiwi kwa sababu hakuna ajuaye ile ya zamani ilikuwaje. Mvua zikiisha haijapatikana, alisema, kazi itafungwa, mawe yatafunikwa na wafanyakazi wataachishwa.

Mzee Ponijan, fundi anayepanga mawe na ambaye mdomo wake haujui likizo, alikuwa wa kwanza kusema.

"Haya, Yu Silah. Wewe ndiye mposaji wetu. Nenda ukatuletee bibi harusi wa mlango."

Watu wakacheka. Kasilah alicheka nao. Lakini alikuwa amekumbuka jiwe la kufulia la mama yake.

Lilikuwa kisimani nyumbani kwao, nyumba ambayo sasa anaishi Sarjiyo: jiwe refu, nene, limelala ubavuni mwa kisima tangu kabla ya babu yao kuzaliwa. Kasilah alijifunza kufua juu yake. Anakumbuka kijitaro cha ubavuni ambacho vipande vya sabuni vilikuwa vikinasa, naye akivichokoa kwa kidole kabla mama hajaona. Utotoni kilikuwa kijitaro tu. Sasa alijua ni tundu la ulimi.

Alikwenda siku ya pili yake, akiwa amevaa nguo safi kama anayekwenda kuposa kweli. Tumini alimkaribisha, akaleta chai na ndizi za kukaanga. Sarjiyo alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Kasilah anasema lilimtia hofu zaidi.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, kaka."

"Walichukua shamba, nikanyamaza. Wakakuchukua wewe, nikanyamaza. Sasa wamefika kisimani. Kesho watataka kitanda."

"Hawajui kama jiwe liko hapa. Ninajua mimi tu."

"Basi endelea kujua peke yako." Alinyoosha kidole dirishani, kuelekea kisima. "Mama tulimwoshea pale. Maji ya mwisho ya mama yalipita juu ya jiwe lile. Ulikuwepo. Ulishika ndoo. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Kunywa chai yako."

Alikunywa. Tumini akamsindikiza mpaka barabarani, akamfungia ndizi zilizobaki kwenye jani. "Usimchukie," alimwambia. "Huyu ukimsukuma anakuwa mti. Mwache."

Hapo ndipo ilipoanza miezi ambayo Kasilah anasema ilimzeesha. Sheria inaipa idara haki ya kuchukua jiwe la hekalu popote lilipo na kumfidia mwenyewe. Neno moja kwa Mhandisi Prabawa lingetosha. Kila wiki msimamizi alimuuliza kama amemaliza vijiji, naye kila wiki alijibu kwamba bado kidogo. Alizunguka hadi vijiji ambavyo hekalu halingeweza kufika hata kwa mafuriko. Alitafuta linta kila mahali isipokuwa mahali alipoamini iko.

"Kulikuwa na vibarua kumi na wanne wanaotegemea kazi ile," anasema. "Nilikuwa nawaona wakila wali wao wa mchana, nami siri nimeikalia. Lakini ningesema, wangekuja na gari na barua yenye muhuri, na kaka angesimama kisimani na panga. Ningepata linta, nikakosa ndugu. Na ndugu nilikuwa nimebakiwa na mmoja."

Ponijan alikuwa ameanza kunusa kitu. "Yu Silah siku hizi anatafuta mawe kama mtu anayetafuta kazi huku akiomba Mungu asiipate," alisema mbele ya watu. Kasilah alimwambia ashughulikie meno yake yaliyobaki.

Katikati ya Februari, mvua ilianza baada ya swala ya adhuhuri. Merapi ulikuwa umefunikwa kabisa, na maji yalishuka kutoka mlimani yakiwa na rangi ya majivu. Shimo lina mtaro wa kutolea maji na pampu ya umeme. Mtaro ukaziba kwa matope. Muda si muda umeme ukakatika, na pampu ikanyamaza.

Kwenye uwanda kati ya hekalu kuu na mahekalu madogo yalikuwa yamepangwa mamia ya mawe yaliyokwisha tambuliwa, kila moja na alama yake ya chaki: ukuta gani, tabaka gani, nafasi gani. Ilikuwa kazi ya miaka. Maji yakiyafunika, chaki inakwenda, na jiwe linarudi kuwa jiwe tu. Ukingo wa mchanga upande wa mashariki nao ulikuwa umeanza kumeguka.

Kasilah na wenzake waliingia majini wakaanza kuyabeba mawe madogo kuyapandisha kwenye jukwaa la hekalu. Yale makubwa waliyafunika kwa turubai na kuyawekea mifuko ya mchanga. Maji yalifika magotini, kisha mapajani. Mhandisi Prabawa alikuwa nao, shati limemganda, anapiga simu ambazo hazipokelewi.

Aliyemfikishia Sarjiyo habari ni Tumini. Alikuwa ametoka dukani, akachungulia shimoni, akamwona wifi yake. Alikimbia nyumbani, na kwa maneno yake mwenyewe, hakumpa mumewe nafasi ya kuwa mti.

"Nilimwambia, 'Dada yako yuko kwenye maji mpaka kiunoni, na wewe una pampu ya shamba inalala ghalani. Ukitaka kuninunia, ninunie ukiwa njiani.'"

Kasilah alisikia mlio wa injini kabla hajaona mtu. Alipoinua macho, kaka yake alikuwa juu ya ngazi, amefunga pampu ya dizeli kwenye toroli nyuma ya pikipiki, anapiga kelele.

"Mbona mnanitazama kama kuku walionyeshewa? Mmoja ashike bomba! Wewe mwenye kofia, ndiyo wewe bosi, shika huku!"

Bosi akashika huko. Sarjiyo akashuka ngazi za shimo kwa mara ya kwanza maishani mwake, mgongo kwanza, amekumbatia pampu.

Walifanya kazi mpaka adhana ya magharibi. Pampu ilitapika maji barabarani, watu wa kijiji wakaja na majembe wakazibua mtaro, wengine wakajaza mifuko ya mchanga kuzuia ukingo. Maji yalipungua kidogo kidogo mpaka sakafu ya mawe ikaonekana. Alama za chaki za safu za chini zilikuwa zimepotea, lakini safu nyingi zilinusurika.

Sarjiyo aliwaacha wenzake wakinywa kahawa, akaenda kusimama mbele ya hekalu kuu. Kasilah akamfuata. Miimo miwili ya mlango ilikuwa wima na juu yake hakuna kitu.

"Hapo?" aliuliza Sarjiyo.

"Hapo."

Kisha aligeuka kuyatazama mahekalu madogo, mahali mpunga wa baba yake ulipokuwa ukisimama. "Hapa palikuwa na maji mazuri," alisema. "Tazama, mpaka leo yanapajua."

Baada ya wiki kadhaa, Tumini alikuja kazini na ujumbe. Kaka anasema jiwe lichukuliwe. Asije mtu na barua. Pasomwe kwanza dua ya mama, watu wale wali, kisha waje wenye nguvu, wasije wenye maneno. Ponijan alisema hapo kwenye maneno ametajwa bila kutajwa, na akaenda.

Kasilah alipika toka alfajiri: mnara wa wali wa manjano, kuku wa nazi, mayai, tempe ya soya ya kukaanga. Walikaa kwenye mikeka ua mzima. Dua ilipokwisha, wanaume waliingiza mitaimbo na minyororo, wakalinyanyua jiwe upande mmoja, kisha wakaligeuza.

Upande wa chini, uliokuwa umelala kwenye udongo muda wote ule, ulikuwa umechongwa mizabibu iliyojisokota, na katikati yake kasuku mdogo akinyonya ua. Tumini alijishika mdomo.

"Jamani! Nimempiga huyu ndege mgongoni kwa nguo za mume wangu miaka yote?"

"Ndiyo maana nguo zilikuwa hazitakati," alisema Ponijan. "Alikuwa anakurudishia uchafu."

Walilipeleka shimoni siku hiyo hiyo kwa mkokoteni, kijiji kikifuata nyuma kama msafara wa harusi. Mhandisi Prabawa alifunga winchi ya mnyororo. Jiwe likapanda, likazunguka taratibu hewani, likashushwa kwenye miimo.

Halikufika. Likilala kwenye mwimo wa kulia, mwisho wake wa pili ulibaki hewani, pungufu ya kiganja kizima. Walijaribu kuligeuza. Walipima tena. Prabawa alivua kofia.

Kasilah anasema aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, hata siku ya kuomba kazi. Alikuwa amekichimbua kisima cha mama yake mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya jiwe lisilo lenyewe. Hakuweza kumtazama kaka yake. Kisha akasikia sauti, akadhani analia.

Alikuwa anacheka. Sarjiyo alikuwa ameketi kwenye ngazi, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Silah," alisema alipopata pumzi, akimwita jina la utotoni bila "Yu" wala nini, "tumenuniana miezi yote hii kwa mlango wa watu wengine!"

Naye akacheka. Kisha akalia, na Tumini akalia, na Ponijan akasema mvua imerudi.

Jiwe halikurudi kisimani. Prabawa na wenzake walilijaribisha huku na kule, na baada ya siku chache likapata kwao: ni linta ya hekalu dogo la katikati. Liliingia mahali pake bila kusukumwa. Hekalu hilo limesimama sasa hadi paa, la kwanza kukamilika Wonopucang, na limesimama pale pale lilipokuwa shamba la baba yao. Sarjiyo hupita kulitazama kila Ijumaa akitoka msikitini. Akiulizwa anakwenda wapi, anasema anakwenda kuangalia shamba.

Jambo jingine halikutarajiwa na mtu. Kijiji kilimjua Sarjiyo kuwa ndiye mkaidi kuliko wote. Alipotoa jiwe lake, wengine waliona hawana pa kujifichia. Lilikuja moja kutoka kwenye birika la ng'ombe, mawili kutoka msingi wa jiko, moja lilikuwa ngazi ya mlango wa nyuma wa mwenyekiti wa kitongoji mwenyewe. Mawe yalipoongezeka, idara ikaongeza msimu mmoja wa kazi. Vibarua wote wamebaki.

Na Sarjiyo amekuwa dereva wa dada yake. Halipwi. Anasema anaambatana naye kwa sababu Kasilah anaomba kwa upole mno.

"Anazunguka, anauliza habari za wajukuu, anasifu kisamvu. Mimi naingia nasema, 'Nimetoa jiwe lililomwosha mama yangu. Wewe unalilia banda la kuku?' Basi."

"Wengine wanatoa ili aondoke," anasema Kasilah.

Jiwe la Bi Parinem limetoka. Ni dogo, la ukuta, na Kasilah amelifuta na kulifunga kwenye gunia. Wanakwenda kulipakia, kisha safari ya pili ya siku: kitongoji cha juu, ambako kuna daraja la jiwe moja juu ya mfereji wa mashamba. Wiki iliyopita Kasilah alilipima kwa fimbo ya mwanzi aliyoikata kwa upana wa mlango wa hekalu kuu. Urefu ni ule ule. Bado hajamwambia Prabawa. Watu wa kule wanapita juu yake kila siku na mizigo ya mpunga, na wamesema hawatoi daraja mpaka wawe na jingine. Mpango ni kwamba mavuno yakiisha, vijiji viwili vitaungana kumwaga zege la daraja jipya, na Sarjiyo ameshaahidi kokoto, ingawa bado hajajua atazitoa wapi.

Ninamuuliza Kasilah atafanya nini likija kupungua kiganja na hili.

"Nitatafuta jingine," anasema, akipanda nyuma ya pikipiki na gunia mapajani. "Unajua ile miimo imefungwa magogo isiangukiane? Hakuna anayepita. Tangu nianze kazi, chumba cha ndani naingia kwa kuparamia ukuta wa nyuma, kama mwizi wa embe, kwa umri huu. Nataka siku moja niingie kwa mlango."

"Shikilia," anasema kaka yake, na anawasha pikipiki.